Nyumba Yenye Nyuso: Rangi Nyeupe

Rulo ilishuka, lakini haikufika ukutani. Iliishia usoni kwa Fortunée.

Naam, ndugu zangu, ndivyo ilivyokuwa. Tulipoachana, Landry, mkurugenzi wa makumbusho, alikuwa amefoka "Paka!", fundi Jephté alikuwa amenyanyua rulo iliyolowa rangi nyeupe, na mbele yake palikuwa na picha ya marehemu mama yake Fortunée. Wengi mmenisimamisha barabarani mkiniuliza: alipaka, hakupaka? Alipaka. Ila alimpaka binti, maana binti alijirusha katikati.

Rangi ikamtiririka kutoka paji la uso hadi kidevuni, ikaingia ndani ya libaya yake, blauzi ya kitenge. Jicho moja lilifumba. La pili lilibaki wazi, limemkazia Jephté.

"Mama, pardon!" Jephté alirudi nyuma nusura aikanyage ndoo. "Sikukuona! Haki ya Mungu, sikukuona!"

"Ulikuwa unaona nani basi? Angalia hapa nyuma yangu. Ulikuwa unaona nani?"

Jephté akaangalia. Nyuma ya Fortunée, ukutani, mwanamke mnene aliyefunga kitambaa kichwani alikuwa anacheka, sufuria ya pondu, kisamvu chetu, mkononi, kama vile ameitwa mezani sasa hivi.

"Iko nani?" Jephté akauliza kwa sauti ndogo.

"Mama yangu. Bombe ilimukuta hapo jikoni, anapika. Bon, endelea. Lakini utaanza na miye, juu miye ndiye niko mbele."

Jephté aliitazama rulo. Akaiweka chini.

"Nani amekwambia uweke chini?" Landry alipasuka.

"Patron, miye napaka kuta," Jephté alisema. "Batu sipaki."

Kwa wewe uliyelinunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, nikupe mawili matatu, halafu twende mbio. Nyumba hii iko Makiso, karibu na mto, na Wabelgiji waliijenga kwa ajili ya mkubwa wa mashua zao. Kuta nene, madirisha marefu, baraza linaloitazama Lubunga ng'ambo. Wenyewe walipoondoka, funguo zilibaki kwa mlinzi wao, Papa Wenceslas, na baada ya miaka mingi ya kupanda na kushuka ngazi za maofisi nyumba ikaandikwa jina lake. Mzee amekwisha kutuacha, na Fortunée ni mtoto wake wa kwanza.

Kisha ikaja vita ya siku sita, majeshi mawili ya kigeni yakipigana juu ya vichwa vyetu. Sina haja ya kuwasimulia. Aliyekuwa Kisangani anaijua, asiyekuwepo amesimuliwa. Bombe zilipopoa, Fortunée, wakati huo msichana tu, alichukua makaa ya jikoni akaanza kuchora marehemu, mmoja chumba cha nyuma, kisha wa mtaa kwenye kuta za sebule. Makaa yakawa rangi. Sebule ikajaa, akaingia vyumbani. Matundu ya risasi hakuyaziba. Aliyaacha yalivyo, katikati ya nyuso. Watu wakasikia. Wakaja kutoka Mangobo, kutoka Lubunga, wengine kwa pirogi, mitumbwi ya mtoni, kutoka Yanonge, na foto ndogo zilizokunjika mifukoni. "Mama, tuwekee wetu." Akawaweka. Mpaka leo analala humo, anapika humo, anachora humo.

Kamati ya Musée du Fleuve ilipotangaza kwamba nyumba hiyo itakuwa jumba la makumbusho, Fortunée ndiye wa kwanza kucheza barazani. Akacheza mpaka aliposikia mambo yaliyobaki: kuta zote zitapakwa nyeupe, zitatundikwa picha za meli za zamani, na yeye atafute pa kuhamia.

Sasa turudi sebuleni.

Landry alibadilika. Wanaume wa aina yake wana sauti mbili, na ile ya kwanza ikishindwa huvaa ya pili. Akatoa kitambaa cha mfukoni, akampa Fortunée ajifute.

Fortunée hakukipokea.

"Mama Fortunée, tuongee kama batu bazima," Landry alisema taratibu. "Leo mchana wageni banatoka Kinshasa. Banakuja kuona salle hii nyeupe, safi. Miye siko adui yako. Donc, nakupatia chumba kimoja."

"Chumba gani?"

"Kile cha nyuma. Picha zako zitabaki mule, zote zitakazoenea. Juu ya mlango tutaandika jina lako, kwa herufi za shaba. Kuta zingine zitakuwa nyeupe. Weye mwenyewe utachagua nani abaki. Nakuheshimu, unaona?"

Fortunée aliugeukia mlango wa chumba cha nyuma.

Nisiwadanganye: alifikiria. Ni binadamu. Jina lake juu ya mlango, kwa shaba, katika mji ambao wakubwa wake walimwita kichaa wa kuta kwa miaka yote hiyo! Alipita polepole kando ya ukuta. Mapacha wa fundi cherehani. Muuza mikate na baiskeli yake. Bibi harusi ambaye harusi yake ilikuwa Jumamosi na bombe zikaanza Jumatatu. Mtoto mchanga asiye na foto, ambaye mama yake alikaa pale sakafuni kutwa nzima akieleza pua ilikuwaje, masikio yalikuwaje, mpaka akasema: basi, ndiye.

Nani abaki? Pacha mmoja, mwenzake afutwe?

Akamgeukia Landry.

"Monsieur le directeur, hawa batu bamekwisha kufa mara moja. Unataka miye ndiye nichague nani anakufa mara ya pili?"

"Ni rangi tu, mama!"

"Kama ni rangi tu, juu ya nini inakuogopesha?"

Jephté aliangua kicheko, akakimeza haraka. Sauti ya pili ya Landry ikaisha hapo hapo.

"Na musée hailaliwi!" alifoka. "Musée haipikiwi samaki! Umeona wapi mutu analala ndani ya musée?"

"Basi utaona leo."

"Hii nyumba si yako peke yako!"

"Ni ya baba yangu."

"Voilà!" Landry akatabasamu, na tabasamu hilo Fortunée hakulipenda. "Umesema mwenyewe. Ya baba yenu."

Akaenda dirishani, akapunga mkono. Nje, mlango wa jeep nyeusi ukafunguka. Akashuka kijana mrefu, shati limepigwa pasi, miwani ya jua. Alipanda ngazi za baraza kama mtu anayezijua, akiruka ile iliyovunjika bila kuitazama.

Fortunée akasogea hatua moja mbele.

Alikuwa Hugues. Mdogo wake wa tumbo moja, aliyemlea mgongoni, aliyekwenda Kinshasa kusoma na kwa miaka akawa sauti tu ya simu siku ya mwaka mpya.

"Yaya," Hugues alimwita dada yake mkubwa. Kisha akauona uso wake mweupe. "Nani amekufanyia hivi?"

"Uliza huyo uliyekuja naye."

Hugues hakuuliza. Akavua miwani, akaishika.

"Yaya, miye nilikubali. Nilibaambia familia haina neno. Nyumba iende kwa kamati."

"Familia gani? Miye niko nani?"

"Ungekataa."

"Ndiyo! Ningekataa! Ndiyo sababu mutu anaulizwa!"

"Sikiliza, yaya..."

"Bamekupatia nini, Hugues?"

"Hakuna kitu bamenipatia!" Sauti ya kijana ilipanda ghafla, ikagonga dari. "Unafikiri ni makuta, ni pesa? Weye ulipata rangi zako. Miye nilikuwa mutoto. Nilikuwa nakula uji hapa chini, mama ananiangalia ukutani. Natoka shuleni, mama ananiangalia. Naugua, mama anacheka na sufuria yake, na hatoki ukutani kuja kunishika! Weye ulipata mama yako tena. Miye kila siku nilimupoteza. Nataka ukuta uwe ukuta, yaya. Ukuta tu."

Hata Landry alitazama viatu vyake.

Fortunée alitamani kumkumbatia. Aliona tena kale katoto kalikokuwa kanalala na kidole mdomoni, mgongo kameuelekeza ukutani. Kwa miaka yote hiyo alidhani ni mkao wake wa kulala.

"Hukuniambia," alisema.

"Ulikuwa unachora."

Neno hilo lilimchoma kuliko yote ya asubuhi ile. Lakini aliponyanyua kichwa, jicho lake lilikuwa lile lile.

"Hugues, hiyo ni haki yako. Kama mama anakuumiza, usiingie humu. Nitakupikia barazani, nitakutandikia barazani, sitakulaumu hata siku moja. Lakini mama si wako peke yako, na hawa wengine si wako hata kidogo. Hauwezi kuwafungia mulango."

"Imekwisha," Landry aliingilia. "Familia imekubali. Jephté, rulo!"

Jephté alifanya jambo ambalo mpaka leo wanalicheka kwenye kilabu chake. Alifunika ndoo ya rangi, akaketi juu yake, akakunja mikono.

"Patron, mgongo unauma," alisema.

Fortunée hakungoja zaidi. Alitoka hadi barazani. Chini ya nyumba, kwenye beach, gati la mto, baleinière, boti kubwa ya mbao, ya kutoka Isangi ilikuwa inashusha mizigo, na wanawake wamejipanga na mabeseni: samaki wa moshi, chikwangue za muhogo, ndizi. Kelele tupu. Akajaza kifua.

"E mama zangu!"

Waligeuka. Walichokiona ni mwanamke mwenye uso mweupe kama aliyefiwa, amesimama juu ya ngazi, mikono wazi. Kelele zikakatika.

Rosine, muuza samaki, rafiki yake tangu utotoni, alishusha beseni kichwani. "Fortu! Nani amekufa?"

"Bado! Ila banataka kubafuta! Batu wenu bote, banataka kubapaka nyeupe leo leo! Musée imefunguliwa! Asingoje mualiko mutu. Mwenye mutu wake ukutani, aje asimame naye!"

Rosine hakuuliza swali la pili. Alimwachia jirani kisu cha samaki, akajitwika beseni lake, akapanda.

Nyuma yake wakapanda wengine. Wapakuzi wakaacha magunia. Vijana wa toleka, wabeba abiria, wakaegemeza baiskeli zao ukutani. Mmoja alikwenda mbio sokoni kuwaita wengine, na soko likaitika. Haukupita muda mrefu, sebule ikajaa harufu ya moshi na jasho, na Landry akawa anasukumwa taratibu kuelekea pembeni, "pardon, papa, pardon", mpaka akajikuta amebanwa kwenye fremu ya dirisha.

Hawakupiga kelele. Hawakuvunja kitu. Kila mmoja alitafuta wake, akageuka, akaweka mgongo ukutani. Mke wa fundi cherehani alisimama katikati ya mapacha, bega hili kwa huyu, bega hili kwa yule. Mzee mmoja kutoka Lubunga, mguu mmoja umekufa ganzi, alishikiliwa na watu wawili ili asimame chini ya mwanawe. Ukuta wote ukawa watu, walio hai mbele, waliokufa nyuma, vichwa juu ya vichwa.

Mahali pamoja tu palibaki wazi: mbele ya mwanamke mwenye sufuria ya pondu. Fortunée hakusimama pale. Alikuwa mlangoni, anawapokea watu.

Hugues alikuwa amejitoa barazani watu walipoanza kuingia. Alipatazama pale palipo wazi. Akapatazama tena. Kisha akaingia, akapenya kati ya watu bila kumwangalia dada yake, akageuka, akaweka mgongo ukutani. Macho ameyafumba, taya zimekaza. Lakini alisimama.

Fortunée alilazimika kuugeukia mto kidogo.

Na hapo ndipo msafara wa Kinshasa ulipofika.

Aliyetangulia alikuwa Madame Émilie, mkubwa wa kamati nzima, mama wa makamo, viatu vifupi, kalamu nyuma ya sikio. Landry alijichomoa dirishani, akamkimbilia huku akijifuta jasho.

"Madame, nisamehe, ni kazi bado inaendelea, hawa ni wapita njia, police inakuja kuwatoa..."

"Mama huyu ni nani?" Madame Émilie aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu, laini.

"Huyu? Ni... anaishi hapa kwa muda."

"Naitwa Fortunée," Fortunée alisema. "Ndiye mwenye nyumba, ndiye muchoraji, ndiye gardien, mulinzi wake. Karibu, madame. Hapa ndani tunaingia polepole, juu kuna batu."

Madame Émilie aliingia. Alipofika mbele ya Rosine, alisimama. Juu ya Rosine palikuwa na kijana mwenye jezi ya mpira.

"Huyu ni nani?"

"Kaka yangu, Jeancy," Rosine alisema, sauti kavu. "Alienda kutafuta maji."

Kabla Madame Émilie hajauliza kwa jirani yake, jirani akataja. Kisha anayefuata. Jina, jina, jina, likazunguka chumba kizima, hakuna aliyepanga, hakuna aliyepaza sauti. Lilipofika kwa Hugues, lilikwama. Watu wakangoja.

"Philomène," Hugues alisema mwishowe. "Mama yangu. Alikuwa anapika pondu."

Madame Émilie alichomoa kalamu sikioni, akaitazama kama hajui inafanya kazi gani. Akamgeukia Landry.

"Ulituandikia kwamba kuta zina michoro ya watoto."

"Madame, nilifikiri..."

"Hiyo rangi nyeupe irudishe ilikotoka. Na weye ubaki nje, tutaongea." Kisha kwa Fortunée: "Mama, utaendelea kulala humu?"

"Nitalala, nitapika, nitachora."

"Basi ndivyo musée itakavyokuwa."

Ah! Kama mlikuwa mbali na Makiso siku ile na mkasikia mlio kama wa goli la dakika ya mwisho, ndio huo. Vigelegele vilitoka dirishani vikavuka mto. Jephté alinyanyuka juu ya ndoo yake akacheza nayo kama mpenzi. Hugues alifumbua macho, akakuta dada yake yuko mbele yake, na safari hii alimkumbatia, rangi nyeupe ikamchafua shati lote la pasi.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, na mimi ningelala vizuri. Haikuishia.

"Nionyeshe na chumba cha nyuma," Madame Émilie alisema.

Fortunée akampeleka. Watu wachache wakawafuata, Rosine mmoja wao, beseni kichwani. Chumba kile ni kidogo, na kwenye ukuta wa kulia kuna uso mmoja tu, wa kijana, umechorwa kwa makaa.

"Huyu ndiye wa kwanza," Fortunée alisema. "Kuta zote zilianza na yeye. Jina lake sijui. Niligandamizwa chini ya ngazi za baraza, akanivuta kwa mikono, akanitupa ndani. Akarudi kuvuta mwingine. Bombe ikaanguka pale pale alipokuwa. Sikuona kitu tena ila moshi. Yule..."

Alikatiza. Madame Émilie alikuwa ameshika ukuta.

"Sikio hili," alisema. "La kushoto. Nani alikwambia limekatika juu?"

"Hakuna. Nililiona. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kama wako sasa."

"Mama, huyu hajafa."

"Madame, niliona kwa macho yangu..."

"Huyu anakula mezani kwangu kila siku! Ni mume wangu! Ni Sadrack!" Sauti ilimpasuka. "Na ameniapia kwamba maisha yake yote hajawahi kukanyaga Kisangani!"

Mlango wa gari ulibamizwa nje. Viatu barazani. Mwanaume wa makamo aliingia sebuleni, simu mkononi, akakata kati ya watu kwa haraka, "pardon, pardon", mpaka kwenye mlango wa chumba cha nyuma.

"Chérie, tunachelewa..."

Akaona ukuta. Simu ikashuka polepole kutoka sikioni. Sikio la kushoto, lililokatika juu.

"Ni weye," Fortunée alisema. Machozi yalimtoka yakachora mistari kwenye rangi nyeupe. "Papa, uliniokoa. Miaka hii yote nakuombea kama marehemu."

Sadrack hakucheka, hakulia, hakumwangalia hata mke wake. Alisogea mpaka Fortunée akasikia pumzi yake, akanong'ona.

"Mama, kama kweli nilikuokoa, nifanyie neno moja. Picha hii ifute. Sasa hivi, kabla hawa batu hawajaniangalia vizuri."

Fortunée, aliyekuwa tayari kupakwa rangi mzima mzima kwa ajili ya kila uso wa nyumba ile, aliutazama uso wa makaa, kisha ule ulio hai.

Nyuma yao, beseni la samaki lilianguka sakafuni kwa kishindo.

Rosine hakuinama kuokota. Alikuwa amemkazia macho Sadrack tangu alipopita mlangoni, macho ya mtu anayemtambua.

"Mufunge mulango," Rosine alisema. "Huyu mutu asitoke."